Mkia wa Swala

Swala hakuinuka. Alikuwa amelala chini ya mgunga, ulimi nje, mbavu zikimwenda mbio, akiitazama droni iliyomkimbiza bondeni tangu asubuhi. Chengo alimsogelea hadi karibu ya kumgusa, akampiga risasi. Maisha yake yote ya uwindaji hakuwahi kumuua mnyama asiyejaribu hata kukimbia.

"Umeona raha hiyo, shemeji?" Mwaringa, kaka wa mkewe, alishuka garini na rimoti mkononi. "Hata jasho hujatoka!"

"Huku si kuwinda."

"Wewe una kibali cha kuwinda, mimi nina kibali cha kurusha. Kosa liko wapi?"

Chengo akainama, akamfunga swala miguu. Droni hiyo aliiomba mwenyewe, macho yake yalipoanza kufifia.

Mjini walipokewa kwa vigelegele. Kwa desturi ya wawindaji, mkia ni wa yule aliyemchosha mnyama, naye huutundika juu ya mlango wake. Mlango wa Chengo ulijaa mikia. Huu aliukata, akamtupia Mwaringa.

"Chukua. Mpe huyo mdudu wako."

Alitaka neno hilo limchome. Mwaringa alicheka, akaufunga mkia kwenye droni, akairusha juu ya nyumba za watu, mahali ambapo hata kibali chake hakikumruhusu. Hakuna aliyejali. Watu walitoka nje wakishangilia, mke wa Chengo mbele yao.

Chengo naye akainua uso. Hakuona kitu. Alisikia mvumo tu, kisha tone la damu likamdondokea shavuni.