Urithi wa Kinywani

"Hawa hapa, mama," daktari wa meno alisema, akimgeuzia mjane kioo cha kompyuta. Utando aliokuwa ameukwangua chini ya ufizi wa mama huyo, sasa ukikuzwa kwa hadubini, ulikuwa ukichemka wadudu, wengine wakijinyonganyonga kama nyoka.

"Nimewapata wapi?"

"Huambukizwa kwa mate. Mke na mume wakikaa miaka mingi, huwa nao walewale."

Tangu amzike mumewe, kila alfajiri mjane aliamka na harufu ya pumzi ya mzee mle chumbani, nzito kama chuma chenye kutu. Binti yake alimwambia ni majonzi tu, yatapita.

"Kwa hiyo hawa ni wake?"

Daktari alicheka. "Tuseme amekuachia urithi. Leo tunawafagia wote, kisha naweka jeli ya kuuotesha upya ufizi na mfupa ulioliwa."

Mzee hakukubali kamwe kuguswa kinywa. Mara moja tu aliburutwa kwa daktari wa meno. Alimng'ata kidole, na kisa hicho akakicheka mpaka anaingia kaburini.

"Wafagie, mwanangu," mjane alisema. Alikuwa amechoka kulala na marehemu. Akaegemeza kichwa, akaachama.

Dakika chache baadaye sindano ya ganzi ilishafanya kazi. Taya lilikuwa zito, kama la mtu mwingine. Kidole chenye glavu kikapita juu ya ulimi, kikagusa ufizi.

Ghafla meno yakakibana.

Daktari alipiga yowe. Mjane alimkodolea macho ya kuomba radhi, akijitahidi kwa nguvu zote kuachia, huku kicheko cha mzee kikimpanda kooni.