Kioo cha Kujipodolea

Nyamizi alipitia zahanati akielekea kwa dada yake, kwenye sherehe ya kuwatoa nje mapacha wake wachanga. Mwanawe wa mgongoni aliamka na homa na macho mekundu.

Maabara haikuwapo, wala umeme. "Una kioo, mama?" nesi akauliza.

Nyamizi akampa kile cha kujipodolea. Nesi akaunasa nacho mwanga wa jua mlangoni, akaumulika mdomo wa mtoto. Ndani ya shavu palikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi.

"Surua hii. Upele bado, lakini ameshaanza kuambukiza. Huyu tutamtibu."

Nyamizi akauwaza mkeka ambao watoto wote wa ukoo wangelazwa ubavuni mwa mapacha.

"Mungu akuweke, dada," akamwambia nesi. "Kioo baki nacho."

Alirudi nyumbani na zawadi za mapacha zikiwa bado zimefungwa. Nyuma yake, kwenye dirisha la nesi, kioo kilibaki kikiwaka.