Mayai ya Wageni wa Posa

Rukaya aliponda viini vya mayai ya kuchemsha kwa mgongo wa kijiko, akakamulia ndimu, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Sebuleni wageni wa posa walikuwa wakicheka na baba yake.

"Pilipili usitie," shangazi alimwambia. "Mama mkwe wako haiwezi."

Hakuna aliyemuuliza kama anamtaka huyo mwanamume. Shangazi alipotoka kupeleka juisi, Rukaya alikatia pilipili mbuzi, akachanganya, akavirudisha viini ndani ya nusu za mayai na kuzipamba kwa giligilani. Alifunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena.

Alipoweka sahani mezani, mama wa kijana alichukua nusu moja akaitia yote mdomoni. Machozi yakamtoka. Hakuomba maji. Alimeza, akamtazama Rukaya kwa muda, kisha akamgeukia baba.

"Binti mwenyewe mmemuuliza?"

"Ameridhika kabisa," baba alijibu.

Mama yule akamsogezea sahani.

"Basi onja."

Baba akanyoosha mkono, na Rukaya akaacha kuchezea mtandio.