Fulana za Kijani Tanurini

Zama hizo wanyama kumi na watatu walikuwa wakimchomea Kiboko matofali, ukaja uchaguzi wa chama chao. Uenyekiti waligombea wawili: Kicheche, kipenzi cha bosi, na Nyumbu, aliyejua kusema kweli ila hakujua kusimama peke yake.

Asubuhi ya kura Kiboko aligawa fulana za kijani zenye sura ya Kicheche.

"Atakayeivaa leo simpangi kuchochea moto," alisema. "Fulana nyingine sitaki kuiona hapa."

Wote wakavaa, Nyumbu akabaki peke yake motoni. Hakutulia. Aliweka kuni, akazitoa, akaziweka tena. Kila alipogeuka, Kicheche alimchekea kifuani mwa mwenzake.

"Hata wewe, dada?" alimuuliza Nungunungu, ambaye miiba yake ilikwisha kuitoboa fulana.

"Kaka, cha bure huvaliwa," Nungunungu alinong'ona, maana Kiboko alikuwa karibu. "Wewe kapige kura."

Lakini Nyumbu aliona kijani tu. Akaenda kuomba fulana, akaivaa, na kura yake akampa Kicheche, asije akashindwa peke yake.

Jioni zikahesabiwa: Kicheche saba, Nyumbu sita.

"Kura moja tu! Nani katusaliti?" Nungunungu alifoka, akaivua fulana na kuitupa motoni. Watano wengine wakavua zao, wakatupa.

Nyumbu alizihesabu zikiungua. Zilikuwa sita. Ndipo wenzake wakamgeukia mgombea wao, nao wakaiona ya saba, imemganda mwilini kwa jasho.