Gauni la Peke Yake

Adhuhuri iliadhiniwa, ikasaliwa, na Zuwena bado yuko mbele ya kioo. Dereva wa taksi alikuwa amepiga honi mpaka amechoka.

"Zuwena, mwanangu," Bi Zena mwenye nyumba aliita kutoka uani. "Huko harusini Kurui si karibu kama hapo Kwa Mathias. Utakuta watu wanakunja maturubai."

"Shughuli haianzi mpaka nifike, bibi."

"Haya. Na sala nayo inakusubiri?"

Zuwena alicheka, akageuka kuutazama mgongo wake kwenye kioo. Gauni lilikuwa la satini ya zambarau, mikono mipana, mkanda wa dhahabu kiunoni. Lilimkaa. Kila kitu kilimkaa. Hivyo ndivyo alivyozoea kusema dukani kwake, wateja wakisikia.

Aliyekuwa anaoa ni Hussen. Lakini Zuwena alimtaka Hamza, kaka wa huyo bwana harusi, na mama yao alikuwa ametangaza kwamba siku hiyohiyo ya harusi, wageni wakiwa wamejaa, atamchagulia Hamza mke. Mama huyo hakuwahi kumwona Zuwena. Kumtupia jicho mara moja tu kungetosha.

Habari hizo alizileta, majuma mawili kabla, Firdausi, rafiki yake tangu darasa la kwanza, mwenyeji wa Kurui na jirani wa Mama Hamza. Alimletea na sare ya wageni wanawake, kitenge cha kijani.

"Mimi nivae sare?" Zuwena alikitupa kitandani. "Nifungwe fungu moja na wenzangu kama mchicha? Vaa wewe, shoga. Wewe hata ukipotea hutafutwi."

Firdausi alikiokota kile kitenge, akakikunja polepole. Akacheka naye. "Basi nikutafutie cha kwako. Fundi wetu kule ana satini nzuri. Wallahi, hakuna mgeni hata mmoja atakayeivaa."

Vipimo akachukua yeye mwenyewe. Gauni akalileta yeye mwenyewe, limepigwa pasi, limetiwa udi.

"Ila usiwahi," alimwambia. "Ukiingia watu wameshakaa, macho yote yatakuwa kwako."

Njiani, akiwa ameshikilia mtandio usipeperushwe na upepo wa dirishani, Zuwena aliwaza kwamba rafiki kama yule anastahili kukumbukwa. Akishaolewa atampa zile nguo zake za zamani. Zote, hata zile ambazo hazijachakaa sana.

Alifika Kurui pilau linanukia mpaka barabarani. Turubai la wanawake lilikuwa kijani kitupu. Alisimama mlangoni, kidevu juu, na macho yakageuka kama alivyoahidiwa. Mbele kabisa, juu ya zulia, alimwona Mama Hamza, ambaye sura yake aliijua kwa picha za kwenye simu. Mama alimtazama kuanzia mtandio hadi viatu. Uso wake ukakunjuka, akanyoosha mkono kumwita.

Moyo wa Zuwena uliruka. Alipita katikati ya wageni bila haraka, ili hata waliokaa nyuma wapate kuona.

"Shikamoo, mama," alisema, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, wenzako wameelemewa."

Zuwena aligeuka kutazama alikoonyeshwa. Wasichana wa zambarau, mikanda ya dhahabu viunoni, walikuwa wakitoka jikoni na masinia ya pilau vichwani.

"Chukua birika lile, uanzie hapa," Mama Hamza alisema. "Mnawishe mkwe wangu."

Na Firdausi, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa mama, akanyoosha mikono.