Dimbwi Lililokataa Kukauka

Dimbwi la tatu lilikataa kukauka.

Yale mengine yalikwisha kuwa tope lililopasukapasuka, na viluwiluwi vyake vilifia humo humo. Hili, dogo kuliko yote, maji yake yalisimama palepale kwenye alama ya kijiti cha kupimia, na jua linawaka bila huruma juu ya nyika nzima. Mtafiti alichuchumaa akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Ulikuwa msimu wake wa kwanza uwandani, na tayari alikuwa ameangukia jambo ambalo halimo vitabuni.

"Kuna chemchemi chini ya hapo," msimamizi wake alimwambia kwenye simu. "Shahada yako umeishika mkononi, usiiachie."

Chumvi nayo ilikuwa ikipanda kila alipopima. Alifurahi, maana maji ya chini ya ardhi pande hizo yana chumvi. Hata chai ya kambini, iliyopikwa kwa maji ya kisima, ilikuwa na ladha hiyo hiyo.

Chai aliipika mlinzi wa kambi, mzee aliyemzika mkewe mwaka uliopita akabaki na punda wake katika nyika isiyo na jirani. Siku mtafiti alipofika, alimpokea mizigo kwa mikono miwili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka dimbwi la mwisho likauke, baba. Hapo kazi imekwisha, narudi chuoni."

Tangu siku ile mzee aliweka vikombe viwili mezani kila jioni, na swali lake lilikuwa lile lile.

"Maji yamepungua, binti yangu?"

"Hayajapungua."

"Afadhali." Kisha alijikanda kiuno, akamimina chai.

"Lakini punda wako amekonda kama mwanafunzi," mtafiti alimtania jioni moja.

"Naye anasoma."

Walicheka wote wawili. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, na aliendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. Mtafiti alijifanya hakuona. Alimhurumia, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye chemchemi.

Msimamizi alipiga simu tena. Alikuwa anakuja na wenzake wawili kuiona chemchemi kwa macho yao. Habari zilikwishatangazwa chuoni, na jina la mtafiti lilikuwa la kwanza. Mtafiti alimpigia mama yake, akamsimulia kwa furaha.

Siku ya ugeni aliondoka kambini kabla jua halijachomoza, apime maji kabla miguu ya wageni haijayatibua. Alitembea kwenye nyasi zenye umande huku akiimba kwa sauti ya chini.

Ukingoni alimkuta punda amesimama, madumu yananing'inia ubavuni, yanachuruzika. Mlinzi alikuwa amepiga magoti topeni, anamimina dumu la mwisho polepole, asije akawashtua viluwiluwi. Aliinama akaangalia alama ya kijiti, akaongeza kidogo.

Mtafiti aliacha kuimba. Mzee aligeuka, akamwona, wala hakulificha dumu.

"Ulisema likikauka utaondoka, binti yangu."