Chumba Kisicho na Mlango

Mwenye nyumba alikizunguka chumba kipya mara mbili akitafuta mlango. Haukuwapo. Mwashi wake, Mshamu, alikuwa amejenga pande zote nne bila kuacha nafasi ya mlango.

Juma lililofuata Mshamu na mkewe walikuwa kwa daktari.

"Dawa nameza," Mshamu akasema. " Mwaka mzima sijapandwa wala sijazama."

"Kweli, fundi, baipola, huo ugonjwa wa hisia kupanda na kuzama, imetulia. Kumbukumbu bado." Daktari akamwonyesha picha ya ubongo wake. "Kati ya damu na ubongo pana ukuta. Rangi tuliyokudunga ilipaswa kubaki kwenye damu. Hapa, penye doa jeupe, imevuja. Huenda ndiyo sababu unasahau."

"Nami nikamwita mzembe!" mkewe akasema.

"Nitajenga tena?"

Daktari akaisogeza picha karibu naye. Mshamu alichomoa penseli sikioni, akalizungushia duara lile doa jeupe kama azungushiavyo unyevu ukutani. Alipotaka kuandika tarehe kando yake, apate kujua kama litaenea, mkono ukasimama: hakuikumbuka.